Kimya cha Chumbani si Kimya cha Hewani

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa umma na wakaazi wa Ilemela, Mwanza, juu ya wajibu wa kuzuia sauti za kompyuta zisirushwe hewani na redio za ridhaa. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.



Mimi ni mtu wa Visiwani. Nimekulia penye maji ya chumvi, na leo nasimama mbele yenu penye maji baridi. Hata hivyo, nilipoteremka Kirumba alfajiri na kuziona mashua za dagaa zikirejea na karabai zao, sikujiona mgeni. Mtu wa kisiwani na mtu wa ufukwe wa ziwa wote wamelelewa na somo moja: aliye ng'ambo ya maji hakuoni, na analolijua kwako ni lile tu linalomfikia. Somo hilo ndilo nililokuja kulizungumza, ingawa leo litapita njia ya redio.

Mada niliyopewa ni namna ya kuzuia sauti za kompyuta zisipenye hewani katika redio za ridhaa zinazotumia njia za dijitali. Natambua kwamba baadhi yenu hamjapata kuigusa redio ya namna hiyo. Kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo kila mtumishi wa umma amelishuhudia.

Ukumbi umejaa. Mgeni rasmi yuko mezani. Afisa mmoja ameunganisha kompyuta yake na vipaza sauti vya ukumbi ili watu waione na kuisikia filamu fupi ya maendeleo. Mara kompyuta inalia: ujumbe umeingia. Inalia tena. Kisha, kwa bahati mbaya, ujumbe wenyewe wa sauti unafunguka, na ukumbi mzima unamsikia mtu wa nyumbani kwa afisa yule akiulizia fedha za kodi ya nyumba. Watu wanacheka, afisa anainama, na shughuli inaendelea. Kosa lilikuwa moja tu. Kompyuta ile haikujua tofauti kati ya sauti iliyokusudiwa ukumbini na sauti iliyokusudiwa sikio la mwenyewe. Ilikuwa na njia moja ya kutolea sauti, nayo ikaitumia kwa zote mbili.

Sasa ondoeni ukumbi, wekeni dunia. Hilo ndilo tatizo letu.

Ndugu Mwenyekiti, redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Umoja wa Mawasiliano Duniani, yaani ITU. Mwenye leseni huwasiliana na wenziwe kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio ya kiufundi na kusalimiana, bila ya kutafuta malipo. Wenye redio hizi wana umoja wao wa kimataifa ulioasisiwa Paris mwaka 1925. Katika Jamhuri yetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kila mwenye leseni hupewa jina la kituo chake. Majina ya Tanzania huanza na 5H. Majirani zetu wa ziwa hili nao wana yao: Kenya 5Z na Uganda 5X. Mtu akilisikia jina hilo hewani, popote alipo, hujua mara moja linatoka nchi gani.

Zamani mawasiliano haya yalikuwa ya aina mbili kubwa: kusema kwa mdomo, au kugonga herufi za Morse. Baadaye kompyuta ikaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza Peter Martinez alieneza njia iitwayo PSK31, ambayo mtu huandika kwenye kibodi na maneno yake yakageuzwa kuwa mlio mwembamba wa sauti. Mlio huo hupitishwa redioni na kugeuzwa tena kuwa maneno kwenye kompyuta ya mpokeaji. Mwaka 2017 Joe Taylor na Steve Franke wa Marekani walitoa njia nyingine, FT8, ambayo imeenea mno. Taylor huyu ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kazi yao juu ya nyota za mbali. Si ajabu basi kwamba aliyezoea kutega sikio kwa minong'ono ya nyota akatuachia njia ya kuisikia minong'ono ya wanadamu.

Naomba mnivumilie kidogo katika hesabu, kwa sababu ndipo uzito wa jambo ulipo. Katika FT8 muda umegawanywa kwa zamu za sekunde 15. Kila ujumbe huchukua sekunde 12.64, na mlio wake una upana wa hezi 50 tu. Vituo vya dunia nzima hukusanyika katika sehemu moja ndogo ya masafa, kwa mfano kuanzia megahezi 14.074 au megahezi 7.074, yenye upana wa hezi 3,000 hivi. Hapo vituo kadhaa wa kadhaa huzungumza kwa wakati mmoja, kila kimoja kikikaa kwenye kijistari chake chembamba bila ya kumsukuma mwenziwe. Ni mfano wa mwalo wenye mitumbwi mingi iliyofungwa ubavu kwa ubavu: kila mmoja una nafasi yake, na usalama wa wote ni kila mmoja kutulia.

Na kompyuta nazo husikia vyema kuliko sikio letu. FT8 inaweza kuusoma ujumbe ambao mtu akisikiliza hapati ila mvumo mtupu. Ndiyo maana mtu mwenye wati chache na waya uliofungwa baina ya minazi miwili huweza kusikika bara jingine.

Katika utulivu huo, sasa, ipenyeze kengele ya barua pepe. Kengele hiyo si nyembamba. Imetengenezwa ipendeze masikioni, kwa hiyo ina milio mingi kwa pamoja, na hutapakaa juu ya mamia ya hezi. Wimbo au sauti ya mtu anayesema hutapakaa karibu sehemu yote. Mtumbwi mmoja umekatika kamba na unagonga mingine yote. Yule mwenye wati zake chache, aliyengoja usiku kucha apate jibu, jibu lake limefutika, naye hatajua limefutwa na nini.

Ndugu zangu, huenda mtu akasema: mlio mmoja wa kengele, ni dhambi gani hiyo? Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Naomba niwaeleze kilichonifunza, na naeleza kwa idhini ya mwenyewe anayehusika.

Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, nilikuwa nyumbani kwangu nikiwasiliana kwa FT8. Kompyuta niliyoitumia ndiyo hiyo hiyo niliyoandikia kazi zangu na kupokelea jumbe za simu yangu. Kiunganishi changu baina ya kompyuta na redio kilikuwa cha aina ile inayojiwasha chenyewe: kikisikia sauti yoyote ikitoka kwenye kompyuta, huibonyeza redio na kuirusha. Baina ya zamu na zamu niliona ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu mkubwa. Nikaufungua. Sikusikia kitu. Nikadhani sauti iko chini, nikaipandisha. Nikaufungua mara ya pili. Kimya. Nikaupandisha mpaka mwisho, nikaufungua mara ya tatu. Kimya bado. Nikasema moyoni kwamba ujumbe umeharibika, nitamuuliza kesho. Katika dakika zile picha ya masafa kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa imekatika, haionyeshi kituo hata kimoja. Nikadhani hali ya anga imebadilika na mawimbi yamefunga. Nikazima, nikalala.

Siku ya tatu nilipata barua pepe kutoka kwa mwenzangu wa ridhaa wa ng'ambo, mtu asiyejua neno la Kiswahili. Alikuwa amesikia sauti ya mwanamke mahali ambapo hapasikiki sauti za watu, kwa lugha asiyoielewa, ikirudiwa mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Alihisi huenda ni mtu aliye katika dhiki anaomba msaada. Alinasa sauti ile, akatazama ni kituo gani kilichokuwa kikirusha pale kabla yake, akakuta ni changu. Aliniuliza kwa adabu kama tuko salama.

Nikaifungua ile kanda. Katikati ya mvumo wa mawimbi nilimsikia dada yangu, kwa sauti yake ile ninayoijua tangu utotoni, akinieleza majibu ya vipimo vyake. Neno kwa neno, pamoja na jina la maradhi. Alikuwa amenitumia mimi peke yangu, na alikuwa ameniomba nisimwambie mtu.

Nilimwendea. Sikuona njia nyingine. Nilimweleza yote, na nikamweleza kwamba sikukusudia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza neno moja tu: wangapi walisikia?

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na jawabu. Mpaka leo sina. Barua ina anwani, simu ina namba, lakini wimbi la redio halina orodha ya waliolipokea. Mawimbi yale hupiga tabaka la juu la anga na kurejea ardhini mbali sana, na wanaojua Kiswahili wako kuanzia Kongo hadi Muscat, na zaidi ya hapo. Aidha, kanuni za kimataifa zinakataza mazungumzo ya redio za ridhaa baina ya nchi na nchi kufichwa kwa maandishi ya siri. Kila kinachopita pale kipo wazi kwa kila mwenye kipokezi. Kwa hiyo hata kufuli la kuficha sauti hatuna. Kufuli letu ni moja, nalo ni kutoirusha.

Hapo ndipo nilipojifunza neno ninalotaka mliondoke nalo leo: kimya cha chumbani si kimya cha hewani. Kutosikia kwangu hakukuwa dalili ya usalama. Kulikuwa ndiyo dalili yenyewe ya hatari, kwa sababu sauti iliyokosekana chumbani ilikuwa imekwenda mahali pengine.

Sasa tutazame kosa hili hupitia milango gani, kisha tuufunge mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni kadi ya sauti. Kompyuta hutoa na kupokea sauti kupitia kadi hiyo. Redio ikiunganishwa na kadi ile ile inayotumiwa na spika, kila mlio wa kompyuta huwa una njia ya kwenda redioni. Mlango wa pili ni ujanja wa kompyuta yenyewe. Redio nyingi za siku hizi zina kadi ya sauti ndani yake na huunganishwa kwa waya mmoja wa USB. Mara waya huo unapochomekwa, kompyuta nyingi hudhani umeleta spika mpya na kuanza kupeleka sauti zote huko bila ya kukuuliza. Mlango wa tatu ni kiunganishi kinachojiwasha kwa sauti, kama kile changu. Mlango wa nne husahauliwa na wengi: ni maikrofoni ya redio. Ikiwa redio imewekwa katika hali ya kusema kwa mdomo wakati kompyuta inarusha, maikrofoni huweza kubaki wazi, na kikohozi, kilio cha mtoto au maongezi ya sebuleni yakaondoka pamoja na mlio wa dijitali.

Kutokana na hayo, nawausia wale wenye vituo, na wale mtakaovianzisha katika skuli na vyuo vyenu, mambo yafuatayo.

Kwanza: tenganisheni njia. Kadi moja ya sauti iwe ya redio peke yake, na nyingine iwe ya spika za kompyuta. Kadi ndogo ya nje ya USB ni kitu cha bei nafuu ukilinganisha na redio yenyewe. Anayeweza kupata kompyuta nzima kwa kazi ya redio tu, isiyopokea barua wala jumbe, amefanya bora zaidi. Hata kompyuta kuukuu yaweza kutosha.

Pili: ipeni kadi ya redio jina lake. Kwenye mipangilio ya sauti kompyuta huruhusu kifaa kubadilishwa jina. Andikeni wazi: REDIO, USIGUSE. Kisha chagueni spika za kompyuta ziwe ndizo kifaa cha kawaida cha sauti zote, na programu ya dijitali peke yake ndiyo ielekezwe kwenye kadi ya redio.

Tatu: nyamazisheni kompyuta. Katika mipangilio ile ile chagueni mpango usio na sauti, ili kompyuta isilie ikifunguka, ikikosea wala ikipokea kitu. Zimeni kengele za barua pepe na za jumbe. Fungeni kurasa za intaneti, kwa kuwa tangazo la biashara huweza kuanza kupiga kelele bila ya kuombwa. Hatua hii ifanyeni hata kama mmekwisha tenganisha kadi, kwa sababu mlango uliofungwa kwa makufuli mawili hauibiwi kwa urahisi.

Nne: redio irushe kwa amri, isirushe kwa sauti. Programu nyingi zinaweza kuiamrisha redio kwa waya, irushe sasa na iache sasa. Hapo hata sauti ngeni ikipenya katika kadi, redio haitajiwasha kwa ajili yake. Nasema wazi kwamba hatua hii haitoshi peke yake: kengele ikilia katikati ya zile sekunde 12 na ushei za kurusha, na njia hazijatenganishwa, itaondoka pamoja na ujumbe.

Tano: fungeni maikrofoni. Iwekeni redio katika hali yake ya data, ambayo kwa redio nyingi huizima maikrofoni. Kama redio ni ya zamani na haina hali hiyo, chomoeni maikrofoni kabisa.

Sita: pimeni kiasi cha sauti. Sauti ya kompyuta ikizidi, hata mlio halali huvimba na kuwatapakalia majirani wa masafa. Redio nyingi zina kipimo kinachoonyesha kwamba sauti inayoingia imezidi na redio inajizuia. Shusheni sauti mpaka kipimo hicho kitulie, au kiguse kidogo mno. Zimeni pia kikuza sauti ya msemaji, kwani hicho kimewekwa kwa ajili ya mdomo.

Saba: jaribuni kabla ya kurusha. Ondoeni antena, wekeni mahali pake mzigo bandia, yaani kile kifaa kinachoimeza nguvu ya redio isitoke nje. Shusheni nguvu. Kisha fungueni wimbo wowote kwenye kompyuta kwa sauti ya juu. Wimbo ukisikika kwenye spika na taa ya kurusha ya redio ikabaki imezimika, ni vyema. Wimbo usiposikika chumbani, au taa ikawaka, kuna mlango haujafungwa. Kisha rusheni ujumbe wa dijitali kwenye mzigo huo huo huku wimbo ukiendelea, na mtu mwingine asikilize kwa kipokezi cha pembeni kama wimbo umo. Jaribio hili halichukui dakika kumi. Lingeniokoa mimi.

Nane: rudieni ukaguzi. Programu za kompyuta zikisasishwa, au kifaa kipya kikichomekwa, mipangilio huweza kubadilika bila ya taarifa. Andikeni hatua hizi kwenye karatasi, muibandike ukutani juu ya meza ya redio. Rubani mzoefu hasomi orodha yake kwa sababu ya ujinga. Anaisoma kwa sababu anajua mazoea husahaulisha.

Aidha, yupo shahidi wa mbali anayeweza kuwasaidia. Vipo vipokezi vilivyounganishwa na intaneti ambavyo mtu yeyote anaweza kuvisikiliza. Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kilianzisha kimoja mwaka 2008, kikapata wasikilizaji wa dunia nzima. Baada ya ukaguzi wote, mtu aweza kujisikiliza kupitia kipokezi cha namna hiyo na akajijua anavyosikika ng'ambo. Lakini tahadhari: asisikilize kwa kompyuta ile ile iliyounganishwa na redio, asije akairusha tena sauti yake mwenyewe.

Na kosa likitokea? Acha kurusha papo hapo. Tafuta chanzo kabla ya kuwasha tena. Aliyekuarifu mshukuru. Na ukimsikia mwenzako ameteleza, mwandikie kwa faragha na kwa upole, kama mimi nilivyoandikiwa. Kumtangaza mtu hakujapata kumfunga mtu mlango wake.

Ndugu Mwenyekiti, mambo haya yana sheria pia. Kanuni za Redio za ITU, katika kifungu chake cha 25, zinayawekea mipaka mawasiliano ya ridhaa: yawe ya majaribio, ya kujifunza, na maneno ya kibinafsi. Nyimbo na matangazo si kazi ya redio hizi. Kifungu cha 19 nacho kinahimiza kila kinachorushwa kiweze kutambulikana kimetoka kwa nani. Sauti iliyoponyoka kwenye kompyuta haitaji jina la kituo. Ni mgeni asiyebisha hodi.

Hapa nyumbani, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake binafsi. Tunayo vile vile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Watumishi wenzangu, sisi tunakaa juu ya siri za watu kila siku: majalada ya wagonjwa, mashauri ya ardhi, barua za nidhamu. Kompyuta yenye siri za wananchi haifai kuunganishwa na redio ya ridhaa hata kwa saa moja, na anayetaka kujifunza redio ajifunze kwa kompyuta nyingine. Na hata asiyekuwa na redio, bado ana kikao cha mtandaoni chenye maikrofoni iliyoachwa wazi, na ana ukumbi wenye vipaza sauti. Kanuni ni ile ile: kabla ya kufungua sauti, jua inakwenda wapi.

La mwisho ni ziwa. Watu wa Ilemela hamhitaji mgeni wa kuwakumbusha tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama katika maji haya ya Mwanza, wala tarehe 20 Septemba 2018, siku MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Wapo humu ukumbini waliosimama ufukweni siku hizo. Sisemi kwamba redio za ridhaa zingeyazuia yale; si kweli, na si haki kwa marehemu kusema hivyo. Nasema jambo dogo zaidi. Siku ya dhiki, chombo cha kwanza cha mwokoaji ni sikio, na sikio haliwezi kufanya kazi penye makelele.

Kifungu kile kile cha 25 kinazihimiza serikali kuwaruhusu wenye redio za ridhaa wajiandae kusaidia wakati wa maafa. Umoja wao wa kimataifa umekwisha ainisha masafa ya kukutania siku kama hizo katika kanda yetu, yakiwemo megahezi 7.110 na 14.300. Vijana wa hapa wakijifunza kazi hii, wataweza kuwasiliana na wenzao wa Kenya na Uganda hata minara ya simu ikinyamaza. Lakini anayetaka kuaminiwa siku ya maafa hana budi kuaminika siku za kawaida. Kituo ambacho kila jioni kinarusha kengele na nyimbo bila ya kujijua hakitasikilizwa kitakapoomba nafasi. Na yule mwenzangu wa ng'ambo aliyedhani dada yangu anaomba msaada alipoteza muda wake wa usiku kwa ajili ya kosa langu. Je, kama usiku ule angekuwapo mwingine, mwenye dhiki ya kweli, akiita kwa sauti dhaifu chini ya sauti ile niliyoipandisha mimi mpaka mwisho?

Dada yangu yu hai, na nashukuru. Nilipomwomba idhini ya kuyasimulia haya mbele yenu alikubali kwa sharti moja: kwamba nisiishie kwenye kisa, niwaeleze watu jinsi ya kufunga milango. Natumai nimetimiza.



TAARIFA: Wakaazi na taasisi zinazotaka kuanzisha vituo vya redio ya ridhaa wanakumbushwa kwamba hairuhusiwi kurusha bila ya leseni. Maelezo yanapatikana katika ofisi za TCRA, ikiwemo ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza na ile ya Zanzibar.